MREJESHO: Kibali cha banda la ng'ombe kando ya mto, Lushoto

Wakuu, niliuliza humu kuhusu banda la ng'ombe, shamba limepakana na msitu wa hifadhi na mto unapita chini, basi kibali kimetoka. Kilichokwamisha ni ile sheria ya mazingira ya 2004, ndani ya mita 60 toka mtoni huruhusiwi kufanya shughuli ya kudumu. Afisa mazingira kaja na futikamba, kapima toka ukingoni mpaka kwenye vigingi vya fundi, ikabidi tupandishe banda juu kwenye migomba ya bimkubwa (kanuna balaa). Sakafu lazima iwe zege na shimo la samadi lijengewe, mkojo usishuke mtoni. Na wewe uliyenishauri nijenge kwanza kibali baadaye, jirani yangu aliyefanya hivyo kapigwa X nyekundu (alama ya kubomolewa).