.303 ya marehemu baba: vipimo vya risasi nyepesi nitapata wapi?

Bega la Njoro
Hamjambo wakuu. Nina bunduki ya Lee-Enfield No. 4, ile ya .303. Marehemu baba aliinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa akiuza shamba hapa Njoro arudi kwao. Leseni iko kwa jina langu, kwa hivyo msianzie hapo. Shida yangu ni bega. Mwaka juzi nilianguka kutoka kwa trela la mahindi nikavunjika mtulinga, na siku hizi nikifyatua risasi tano tu za kawaida kwa shabaha, kesho yake ng'ombe wanakamuliwa na mama watoto. Nataka kujijazia mwenyewe risasi nyepesi, zisizopiga bega sana, za kutoboa karatasi mita 100, basi. Uwindaji ulipigwa marufuku 1977 na sina haja nao.

Sasa, ndani ya sanduku lake kulikuwa na daftari la yule mzungu. Ameandika vipimo vya baruti kwa penseli, pembeni "light, target". Jina la baruti limefutika nusu. Mpwa wangu mhasibu ameona "gr" akaniambia hizo ni gramu. Naweza kufuata hivi vipimo?

Fundi Kitale
Shikamoo mzee. Huyo mpwa asiguse mzani! "gr" ni greni, na gramu moja ni greni 15.4 hivi. Hapo hungebaki na bega la kulalamikia.

Hata ukisoma greni sawasawa, hilo daftari ni la kumbukumbu tu. Baruti usiyoijua jina huwezi kuibahatisha, maana kila moja ina mwendo wake wa kuungua, na nyingi za zamani hazitengenezwi tena. Vipimo vya leo hutolewa bure na watengenezaji wa baruti wenyewe kwenye tovuti zao: baruti hii, kichwa (kile kipande kinachoruka) cha uzito huu, anza hapa, usipite hapa. Na usidhani nyepesi ni kupunguza tu. Baruti ya mwendo wa polepole ikiwa kidogo mno ndani ya ganda kubwa inaweza kuleta shinikizo la ajabu, au kichwa kikakwama katikati ya mtutu. Ukifyatua nyingine nyuma yake, mtutu unapasuka.

Jaduong Kisumu
Ndugu yangu, umesema tusianze na leseni, lakini mimi naanza nayo. Cheti chako kinasema unaruhusiwa risasi ngapi. Hakisemi ujitengenezee. Baruti nayo ina sheria yake ya vilipuzi, Sura ya 115. Andikia Bodi ya Leseni za Silaha kwanza, ujibiwe kwa maandishi. Usinunue baruti ya "kuna jamaa ananiuzia".

Mluhya wa Texas
Mzee, salamu kutoka huku. Huku kujaza risasi ni jambo la kawaida, mimi hufanyia gereji. Ukiruhusiwa, angalia baruti ya H4895 ya kampuni ya Hodgdon: wenyewe wanakubali ushuke hadi asilimia 60 ya kipimo chao cha juu, pale tu wanapoiorodhesha kwa risasi hiyo. Baruti nyingine usiifanyie hesabu hiyo.

Kingine, mtutu wa .303 upimwe. Ile ya wakati wa vita haikulingana. Mingine ni mipana, na kichwa chembamba kitayumba tu hata ukilenga vipi. Chemba, pale risasi inapokaa, pia huwa pana, kwa hivyo kagua maganda karibu na kitako cha ganda, huko ndiko hukatikia.

Hilo la kukwama limenipata. Badala ya "paa!" nilisikia "puh", kama mtu amefungua soda. Nilitaka kupakia nyingine, jirani yangu akanishika mkono. Kichwa kilikuwa kimelala katikati ya mtutu. Ukisikia "puh", weka chini, chungulia mtutu.

Bega la Njoro
Asanteni sana. Jaduong, umenishinda, barua kwa Bodi nimeandika leo. Wakati nangoja jibu nitafunga raba nene kwenye kitako cha bunduki, maana kina bamba la shaba na nafikiri ndilo linanipiga nusu ya hayo makofi.

Mpwa nimemsomea ile ya greni 15.4. Alinyamaza, halafu akauliza kama bado ataendelea kunifanyia hesabu za maziwa.