Yule wa dirisha la mwisho amenirudishia fomu kwa ncha ya kalamu

Mweka Hazina wa Isyonje:
Ndugu zangu wa Nyanda za Juu Kusini, nimetoka benki sasa hivi na mikono bado inatetemeka. Simtaji, maana kila aliyewahi kupanga foleni pale mjini Mbeya anamfahamu yule wa dirisha la mwisho. Nilimpelekea fomu za akaunti ya kikundi chetu cha akina mama wakulima wa viazi, pamoja na katiba, muhtasari wa kikao na barua ya mtendaji wa kijiji. Akaziangalia, akaangalia kucha zangu, kisha akazisukuma kwa ncha ya kalamu na kusema, foleni nzima ikisikia, "Mama, nyie wa viazi wekeni kwenye kibubu."

Kwa ncha ya kalamu! Hakutaka hata kuzigusa. Udongo wa Isyonje hautoki kwenye kucha hata ukisugua kwa msasa, na ndio unaolisha chipsi nusu ya nchi hii. Serikali imeagiza kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, tukavumilia mpaka iliporejeshwa 2024. Lakini kikundi kisicho na akaunti ya benki hakipati hata senti, na mlango wa akaunti amekalishwa mtu anayeogopa karatasi iliyoshikwa na mkulima. Kibubu! Tena mbele ya mkwe wangu, aliyesimama nyuma yangu kwenye foleni ile ile.

Mjukuu wa Tukuyu:
Pole sana, mama. Huyo huyo alinirudisha kwa sababu muhuri wa mtendaji ulikuwa umefifia, nikapanda gari kurudi Tukuyu na mvua yote ile. Ahamishiwe ghalani akahesabu lumbesa.

Kijana wa Mafinga:
Shikamoo, mama. Naona umekuza jambo. Alikusukumia karatasi, hakukupiga. Watu wana vilio vya kweli, wewe unalilia kalamu.

Mweka Hazina wa Isyonje:
Marahaba, mwanangu. Silii kwa ajili ya kalamu. Akaunti isipofunguliwa, maombi yetu hayapokelewi, na msimu wa kupanda hausubiri. Mbegu tukakope wapi? Kwa ncha ya kalamu, mbele ya mkwe!

Mwalimu wa Iringa:
Mtaishia tulikoishia sisi, kwa kausha damu, wakopeshaji wa mitaani wa riba ya kunyonya. Wangu anashikilia kadi yangu ya benki na namba ya siri, hivyo mshahara ukiingia anautoa yeye kabla sijauona. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka awe na leseni, na Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi, ilhali yeye ofisi yake ni meza nyuma ya duka la vipuri na riba anaipanga kwa kukutazama usoni. Heri kibubu.

Wakala wa Makambako:
Mwalimu, sisi mawakala wa fedha za simu tuliumizwa na tozo ya miamala iliyoanza tarehe 15 Julai 2021. Ilifika hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja, wateja wakarudi kutumiana fedha kwa makondakta wa mabasi, na hata ilipopunguzwa kwa asilimia 30 mwaka ule ule wengi hawakurudi haraka. Nililipa kodi ya kibanda kwa kuuza mbuzi.

Kijana wa Mafinga:
Kaka wakala, hilo limeshapita. La leo ni kwamba ukienda kutoa fedha jioni, kila kibanda kinasema hakuna.

Wakala wa Makambako:
Floti, yaani salio la kwenye simu, ninayo, fedha taslimu sina, kwa sababu wanunuzi wa mahindi walizimaliza zote asubuhi na benki imeshafunga. Njoo kesho saa tatu.

Mwalimu wa Iringa:
Saa tatu kadi yangu itakuwa bado iko kwa yule wa duka la vipuri.