Chujio la mkaa wa mifupa: floraidi haishuki, nakosea wapi?

FundiNdoo: Wakuu, habari za jioni. Nipo Maji ya Chai, Arusha. Nimeunda chujio la ndoo mbili lenye kilo 4 za mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Maji ya kisima yamepimwa maabara: floraidi (madini yanayoharibu meno yakizidi) miligramu 8.2 kwa lita. Yakishachujwa, 7.1. Kiwango kinachotakiwa ni 1.5. Kila Jumapili naanika mkaa juani utoe ulichofyonza, kisha naurudisha. Niongeze siku za kuanika au niongeze mkaa?

KipimoTu: Kuanika hakusaidii. Sponji hufyonza maji yakaingia mwili mzima, ukilikamua yanatoka. Hiyo ni abusopsheni. Mkaa wa mifupa unafanya adisopsheni: floraidi inanata kwenye uso wa chembe, inakalia nafasi ya haidroksili (oksijeni na hidrojeni zilizoungana) katika apataiti, madini yanayojenga mfupa. Jua linakausha maji, floraidi inabaki palepale. Kwa hiyo kinachohesabika ni ukubwa wa uso, si unene wa kipande. Vipande vyako vikoje?

FundiNdoo: Vya kawaida tu mkuu.

MamaTengeru: Kabla ya chujio, punguzeni magadi kwenye makande, nayo yana floraidi. Na msidanganyane kuchemsha: maji yanapungua, floraidi inabaki. Wanaoumia zaidi ni watoto chini ya miaka 8, meno yao yanaharibika yakiwa bado ndani ya fizi. Kingeni maji ya mvua, wanywe hao kwanza.

KipimoTu: Sawa mama, ila kijana kauliza chujio. Fundi, kawaida ni milimita ngapi? Na mkaa una rangi gani?

FundiNdoo: Kama sentimita 2. Niliona kipande kikubwa kitabeba zaidi. Rangi ni nyeupe pe. Nilichoma kwenye moto wa wazi mpaka harufu ikaisha kabisa, wateja hawataki harufu.

ChaliiWaSakina: Wateja?

FundiNdoo: Majirani saba wameshalipia. Lakini si hoja hapa.

Mswalihina: Ni hoja. Wameambiwa ni mifupa ya mnyama gani, na amechinjwa vipi? Kuna nyumba hilo linatangulia floraidi.

ChaliiWaSakina: Anaishi Maji ya Chai na uzi wenyewe chai! Mtu ana majibu ya maabara yenye desimali halafu hajui saizi ya vipande? Hili ni swali la asaimenti, dogo anatafuta majibu ya bure.

FundiNdoo: Asaimenti gani ina bomba? Chujio langu linatoa lita 20 kwa dakika 10, njoo uone. Ndiyo maana watu wamelipia, halichelewi.

KipimoTu: Chai au si chai, hizo dakika 10 zinatosha kuua chujio. Kilo 4 zinajaza kama lita 5 na nusu. Maji yanatakiwa yakae na mkaa karibu nusu saa, yaani yatoke lita 11 kwa saa. Wewe unatoa 120. Banisha bomba.

Mkaa uchome upya, kwa mifupa mingine, ndani ya chombo kilichofunikwa, hewa kidogo, nyuzi 400 hadi 500, utoke kijivu cheusi. Ukitoka mweupe umeungua kupita kiasi na uwezo wake umeshuka. Ukitoka mweusi wenye mafuta, maji yatakuwa ya njano na yatanuka. Ponda, chekecha upate milimita 0.5 hadi 2. Vumbi litoe, litaziba. Osha mpaka maji yatoke bila rangi.

Halafu piga hesabu. Familia ya lita 40 kwa siku, kutoka 8.2 hadi 1.5, inaacha miligramu 268 kwenye mkaa kila siku. Kadiria miligramu 1 kwa kila gramu ya mkaa: kilo 4 zinabeba 4,000. Siku 15 zimekwisha. Hapo ni kubadilisha. Kuuosha uachie floraidi, kwa sodiamu haidroksaidi (soda kostiki) ya asilimia 1, kunawezekana, ila si kazi ya jikoni, inaunguza. Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi, si mbali na wewe. Nenda kabla hujapokea hela nyingine.

FundiNdoo: Ule mweupe nina gunia mbili. Nikichanganya nusu kwa nusu?

KipimoTu: Hapana. Saga, tupia shambani, una fosfati, ni mbolea.

Mswalihina: Na wale saba?

FundiNdoo: Nitaongea nao. Kwanza nibane bomba, nipime tena.