Tumechanga za majiko ya Sudan, sasa hizi pesa tuzipeleke vipi zifike?

DadaWaBarani

Asalaam aleikum wapendwa. Kikundi chetu kimekwama, nimeona niulize hapa kabla hatujafanya haraka tukaja kujuta. Sisi ni wanawake 18 hapa Malindi, mtaa wa Barani, chama cha kawaida tu cha mzunguko, mia mbili kila Ijumaa. Ramadhani iliyopita mwenzetu mmoja alituonyesha video kwa simu yake, wamama wa Omdurman kule Sudan wamezunguka sufuria moja kubwa mno wanapika adesi, kuni zenyewe ni miguu ya vitanda, na watoto wamepanga foleni na vyombo vya kila aina, kopo la rangi, beseni, mmoja ameshika kifuniko cha birika tu. Kile kifuniko ndicho kilichotumaliza. Futari siku ile haikushuka.

Basi tukaanza kuuza viazi karai na kaimati baada ya tarawehe mpaka sikukuu, sikukuu ikapita tukaendelea, na sasa tuna shilingi 41,300 na magunia manne ya nguo ambazo watu wametuletea bila hata kuombwa. Mmoja anatuambia tuzipeleke kwa shirika kubwa, mwingine anasema nusu itaishia kwa mishahara, mwingine anasema Sudan sasa hivi hakuna benki wala njia. Na hizo nguo je? Naombeni mwenye kujua kweli atusaidie, maana hii ni amana ya watu.

BahariaMstaafu

Waaleikum salaam dada yangu, Mungu awazidishie. Mimi nimefanya kazi melini miaka mingi, Port Sudan nimeshinda sana na marafiki wa kule tunaandikiana mpaka leo. Mmoja alitoka Khartoum na familia yake vita vilipoanza tarehe 15 Aprili 2023, mengi ninayokwambia nimeyapata kwake.

Hayo majiko wenyewe wanayaita takaya, na mengi yanaendeshwa na vijana na wamama wa mtaa kupitia kitu kinaitwa ghuraf at-tawari, yaani vyumba vya dharura. Ghurfa kwao ni chumba, sisi huku tukaifanya ghorofa. Usifikirie shirika lenye jengo na magari meupe. Ni watu wa mtaa mmoja wanaojuana, wengi walikuwa kwenye zile kamati za mitaa za wakati wa kumng'oa rais Bashir 2019, sasa jeshi la serikali la Burhan na wanamgambo wa RSF wa Hemedti walipoanza kupigana katikati ya mji, mashirika yakahamisha watu wake na hawa wakabaki kwa sababu pale ndipo kwao. Wanapika, wanatengeneza pampu za maji, wanatafuta dawa, wanatoa watu kwenye hatari, wanazika. Mwaka 2025 walipewa tuzo ya Right Livelihood. Wana na neno lao la tangu zamani, nafir, ile desturi ya mtu kupiga mwito na kijiji kizima kinakuja kumsaidia kuvuna au kujenga. Ni neno moja na nafiri yetu ile ya kupulizwa.

Kuhusu nguo nakuomba usipeleke. Mpaka gunia lifike Port Sudan, lilipiwe, livuke vizuizi vya pande mbili, utakuwa umetumia pesa ambayo ingepika sufuria nyingi sana. Sehemu kubwa chakula sokoni kipo ila bei haishikiki, kwa hiyo pesa ndiyo dawa, jiko linanunua adesi, ful (maharage yao) na mtama kwa muuza duka wa pale pale na huyo muuza duka naye anapata kusimama. Isipokuwa mahali palipozingirwa. El Fasher, kule Darfur, ilifungwa tangu Mei 2024 mpaka RSF walipouchukua mji Oktoba 2025, na watu walifika kula ambaz, yaani mashudu ya karanga, chakula cha mifugo.

Njia iko. Kule watu wengi wanatumiana kwa Bankak, ni programu ya simu ya Benki ya Khartoum, pesa inaingia kwa simu na jiko linalipa duka kwa simu. Noti za mkononi ndizo shida, ukitaka wakala akupe taslimu anakata sana. Kwa hiyo mtafute Msudani anayeaminika hapa Kenya, wanafunzi wapo na familia zipo, apokee ya kwenu na aweke kule. Ila msikubali mtu mmoja tu. Tafuta wawili wasiojuana, waulize jiko lile lile, majibu yakifanana unaanza na kidogo, risiti ikirudi unaongeza. Kama mtaona mzigo ni mkubwa kwenu kuna Mutual Aid Sudan Coalition, hao wanapokea michango kwa mtandao na kuipeleka moja kwa moja kwa hivyo vyumba.

Na jambo moja usilisahau hata ukisahau yote, msibandike mitandaoni picha yenye sura za wapishi wala jina la mtaa wao. Hawa watu wamekamatwa, wamepigwa na wengine wameuawa, na pande zote mbili zimefanya hivyo, kila upande ukidai wanalisha watu wa adui.

BintiWaChula

Nimesoma hii mara mbili nikalia kwa hiyo mimi nichangie la nguo.

Mimi ni Mbajuni wa Chula, kisiwani kule chini ya Kismayu, Somalia. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka 1991 tuliibiwa mpaka mlango wa nyumba, baba akatutia kwenye mashua, mimi nina miaka tisa, tukatambaa na pwani mpaka Kiunga kisha Lamu. Siku tuliyoshuka Lamu tulikaa kwenye ngazi za gati hatujui pa kwenda, na mama mmoja wa Langoni akatupitia, akaenda, akarudi. Akasema ndooni mule. Wali na papa, sinia moja, hakutuuliza jina wala tumetoka wapi mpaka tulipokwisha kunawa. Baadaye ndiyo akasema kwao ni Ishakani, walikimbia vita vya shifta miaka ya sitini yeye akiwa mdogo vile vile kama mimi, na wao pia walilishwa na watu wasiowajua.

Tulipofika kambini ndiyo nguo zikaja. Makoti jamani. Makoti mazito yenye manyoya kwenye kofia, na sisi tuko pwani Januari, mahema yanawaka kama tanuri. Mama alikuwa anataka kanga, chumvi na sufuria. Koti alilichana akatia ndani matambara likawa mto wa kulalia, nimelilalia miaka. Sufuria alikuja kuipata kwa mwanamke wa mji, kuukuu, imebonyea upande mmoja, na siku aliyopika mwenyewe mara ya kwanza alitugombeza kwa kuchezea moto. Tangu Chula hakuwa ametugombeza. Ndugu yangu mkubwa akaninong'oneza, mama amerudi.

Ndiyo nasema wapeni wapishi pesa, wao wanajua leo hakuna nini, kama ni chumvi ni chumvi kama ni pedi za wasichana ni pedi.

MwanaHindi_Lamu

Sina ubaya na mtu lakini niseme tu ukweli unaoniuma. Sisi huku Lamu tumeshambuliwa na Al-Shabaab tangu Mpeketoni Juni 2014, watu wamelala kwenye madarasa na watoto wao, wavuvi walikatazwa bahari usiku kwa muda mrefu, Waboni wa Basuba na Mangai na Milimani shule zao zilifungwa miaka. Sikuona mtu akiuza viazi karai kwa ajili yetu. Sudan ni mbali dada.

MwalimuWaPate

Mwanahindi ndugu yangu, uchungu wako una haki na sitaki mtu aupite haraka. Mimi nimefundisha watoto wa Kiboni waliohamishwa, wengine wana miaka kumi na mbili ndiyo wanaanza kushika kalamu, mmoja alikuwa anajua kufuata nyuki mpaka kwenye mzinga lakini kusoma jina lake hajui. Na ni kweli misaada ilikuja wiki mbili za kwanza, magari na makamera, halafu kimya.

Lakini sikubali kwamba wa Barani wakinyamaza kwa Sudan basi ndiyo wa Basuba watashiba. Huruma haipungui kwa kutumika, aliyeweza kusimama nje ya msikiti mwezi mzima kwa mtoto wa Omdurman ndiye wa kwanza nitakayempigia simu kwa mtoto wa Basuba. Na hata huko Sudan angalia kilichotokea Marekani walipositisha misaada yao Januari 2025, mamia ya majiko yalifunga, mengine yaliponea kwa senti za Wasudani walioko nje na watu wadogo kama hawa. Dada, zile gunia nne za nguo usizitupe, Lamu zina watu. Ila waulizeni kwanza waliozitoa, maana walinuia Sudan.

DadaWaBarani

Jamani ahsanteni, narudi baada ya siku kumi na moja na habari. BintiWaChula nimewasomea wenzangu maneno yako neno kwa neno, bibi mmoja kwenye chama chetu akasema mamake naye alikuwa akipeleka uji kwa waliokuja na mashua ile 1991, yawezekana mlikutana Mungu ndiye ajuaye.

Nguo tumepita nyumba kwa nyumba kuuliza. Wote wamekubali ziende Lamu isipokuwa mama mmoja, alitoa kanzu mbili za marehemu mumewe na alikuwa amejiwekea kwamba zitavaliwa na Msudani aliyepoteza vyote, akaomba arudishiwe mpaka apatikane. Tumemrudishia. MwanaHindi na Mwalimu nawaandikia pembeni tupange usafiri mpaka Mokowe, na Mwanahindi usiseme tena hakuna mtu.

Pesa tulifanya kama alivyosema baharia. Tumepata wawili, mmoja mwanafunzi Mombasa na mwingine mama anauza manukato Nairobi, hawajuani, wote wakalitaja jiko moja. Tukatuma 5,000 kwanza. Siku tatu kimya, hatukulala, mweka hazina akawa anaamka saa nane za usiku kuangalia simu. Jana asubuhi ikaja picha ya karatasi ya daftari imeandikwa kwa mkono kwa Kiarabu, ustadhi wa madrasa akatusomea: adesi, mafuta, vitunguu, chumvi, kusaga mtama, na mstari wa mwisho, vikombe vya plastiki vya watoto. Ijumaa tunatuma zilizobaki. Swali letu kwa baharia, je kwa Kiarabu cha Sudan tuandikeje kwamba hawana haja ya kutushukuru, watuambie tu kesho kumepungua nini?