Naomba ushauri: projekta ya ukumbi wa filamu mtaani, Chang'ombe Dodoma

Wakuu, habari. Ukumbi ni mita 6 kwa 9, juu bati, viti vya plastiki 60. Ratiba ya mwezi ujao imeshabandikwa mlangoni: Ijumaa na Jumamosi saa 2 usiku filamu mpya za Kibongo, Jumapili saa 9 alasiri katuni za watoto. Hiyo ya saa 9 ndiyo inayonitoa jasho.

Projekta ni ya lumeni 3,000 (lumeni ni kipimo cha mwanga), iko mita 4.5 kutoka ukutani, picha ina upana wa mita 3. Usiku iko safi. Mchana jua linapenya kwenye matundu ya misumari, cheusi kinakuwa kijivu na sura zinapauka. Nikibana picha hadi mita 2 itang'aa zaidi ya mara mbili, ila wa nyuma watalalamika. Au nizibe matundu kwa silikoni na kutundika pazia jeusi zito? Mimi naegemea huko. Kununua lumeni ili kupigana na jua ni kutupa hela.

La pili ni vumbi letu la kiangazi. Chujio la hewa la projekta likiziba, taa inachemka na mashine inajizima katikati ya filamu. Mnalisafisha kila baada ya saa ngapi? Umeme ukikatika feni inasimama taa ikiwa bado ya moto, hapo ndipo taa zinapokufa. Mashine inakula wati 300: UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) ya ukubwa gani itaishikilia dakika 5 ipoe?

Na haki za kuonyesha hadharani, mnaelewana na mtayarishaji moja kwa moja au msambazaji? Diski ya dukani ni ya kutazama nyumbani tu.