Naomba ushauri: umumunyifu wa potasiamu naitreti kwenye maji ya moto

Wakuu, habari zenu. Napima umumunyifu, yaani kiasi cha juu cha chumvi hii ya potasiamu naitreti kinachoyeyuka kwenye maji. Kwa nyuzi 20 sina shida: nakoroga mpaka chumvi isiyoyeyuka ibaki chini, nachuja, napima uzito wa maji yaliyochujwa, nayakausha, napima tena chumvi iliyobaki. Napata karibu gramu 32 kwa gramu 100 za maji, sawa na vitabu. Kazi iko nyuzi 60, inakotakiwa kufika kama gramu 110. Nikimimina tu, fuwele kama sindano zinaziba shingo ya faneli na jibu linashuka. Je, nipashe faneli kwanza? Au niache kuchuja, niyeyushe kiasi nilichopima kwenye maji ya moto, niyaache yapoe, kisha nisome kipimajoto fuwele ya kwanza ikitokea? Hii naiona bora, ila fuwele ya kwanza mnaitambuaje kwa uhakika?