Chumvi na maji: wa Lamu, tupeane uzoefu

Mwalimu
Assalaam aleikum, jamaa. Nafundisha biolojia sekondari hapa Lamu. Mada inayowatesa wanafunzi wangu ni jinsi vitu vinavyoingia na kutoka katika seli. Wanakariri kwamba katika osmosisi maji hupenya utando wa seli kuelekea penye chumvi au sukari nyingi zaidi. Mtihani ukiisha, nayo imekwenda. Inaniuma, kwa sababu watu wa visiwani jambo hili tunalishika kwa mikono. Anayenunua embe bichi la chumvi na pilipili ameshaliona: vipande vikikaa kidogo vinalegea, na chini ya mfuko kuna maji ambayo hakuna aliyeyatia. Yametoka ndani ya seli za embe. Nipeni na yenu, nikawasomee darasani.

Bi Ng'onda
Waaleikum salaam mwalimu. Samaki nampasua, namtoa matumbo, namwosha, nachanja penye nyama nene, kisha nampaka chumvi na kumpanga ndani ya pipa. Sitii hata tone la maji, lakini kesho yake nawakuta wamelala katika maji yao wenyewe na nyama imekaza. Hapo ndipo nawaanika. Ukiibania chumvi, panapooza kwanza ni karibu na mfupa.

Mwalimu
Ahsante Bi, hapo pa mfupa nitapatumia. Chumvi ikifika huvuta maji ya samaki na ya bakteria pia, na bakteria akikosa maji hazaliani. Isipofika, anaendelea na kazi yake.

Mkata boriti
Jani la mchu, mti wa kwenye tope la bahari kama mkoko, ukililamba ni chumvi tupu. Wakati wa kiangazi hata chembe nyeupe unaziona. Jani la mkoko halina. Na yote imesimama tope moja. Kwa nini?

Mwalimu
Mkoko huzuia chumvi nyingi mizizini. Mchu huiacha sehemu ipite, kisha vitezi vya jani huisukuma nje. Hiyo si osmosisi tena. Chumvi inasukumwa kwenda ambako tayari imejaa, na kazi hiyo hula nishati ya seli.

Mama wa Shela
Mwanangu aliharisha hadi macho yakaingia ndani, akilia hana machozi. Nesi akachanganya pakiti ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kutia majini kwa anayeharisha, mbele yangu, akaniambia nimpe kijiko kimoja kimoja. Akitapika, tungoje dakika 10, tuendelee polepole zaidi. Jioni akakojoa, nikamshukuru Mungu kwa nepi iliyolowa. Shangazi yangu alitaka kuongeza sukari ili mtoto aipende, nesi akamkataza kwa heshima lakini kwa mkazo. Sasa mwalimu, kama sukari imo ndani, kwa nini isiongezwe?

Mwalimu
Pole sana mama, na alhamdulillahi. Kwenye seli za utumbo kuna protini iliyo kama mlango wa watu wawili: glukosi, ambayo ni sukari, na sodiamu iliyomo kwenye chumvi hupita pamoja, na maji hufuata. Mwanasayansi Robert Crane alieleza jambo hili mwaka 1960. Hata kipindupindu, kinachomwaga maji ya mwili kwa kasi, hakiuharibu mlango huo, ndiyo maana anayeharisha bado anaweza kuyafyonza maji kwa njia hiyo. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani tangu 2002, kwa lita moja, ni gramu 13.5 za glukosi na gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, pamoja na chumvi za potasiamu na sitireti. Ukizidisha sukari, inayobaki utumboni huvuta maji kutoka mwilini, na kuhara kunazidi. Kwa hiyo ni pakiti nzima, kwa maji safi ya kipimo kilichoandikwa juu yake. Nesi yule alijua kazi yake.

Nahodha
Mashine ilituzimikia nje ya Kiwayu, maji ya kunywa yakaisha. Kijana mmoja akataka kuchota ya bahari, mzee wetu akamshika mkono.

Mwalimu
Alimwokoa. Lita ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Dripu ya chumvi ya hospitalini, inayolingana na damu, ina gramu 9. Figo zetu haziwezi kutengeneza mkojo wenye chumvi kama bahari, kwa hiyo ili kuitoa chumvi ile mwili hupoteza maji mengi kuliko uliyokunywa.

Bi Ng'onda
Mwalimu, badala ya kuwasomea, walete. Jumamosi asubuhi nitakuwa na pipa lililolala na chumvi usiku kucha, nalifungua mbele yao. Waambie wavae nguo za kazi.